Kidole na Herufi

Chombo cha kazi huchaguliwa kwa macho, huhukumiwa kwa mkono. Mnunuzi akiwa dukani hutazama ukubwa, rangi na bei. Ni nadra afumbe macho avisikilize vidole vyake. Lakini akishafika kwake na kuanza kazi, macho hujitoa katika shauri hilo na mkono hushika hukumu. Sehemu ya chombo inayogusana na mwili aghalabu ni ndogo, haina bei kubwa, wala haina sifa. Hata hivyo, ndiyo mlango ambao ufundi wa mtu hutokea na uchovu wake huingilia.

Kwa upande wa jembe, watu wa Nyabibuye hawahitaji kufundishwa jambo hili. Nyabibuye ni kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyokuwa sehemu ya Kibondo mpaka ilipotengwa mwaka 2012. Imo katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, ambako ardhi hutoa mahindi, maharage, mihogo, ndizi na kahawa, na ambako mpini wa jembe hujulikana kwa kiganja kabla ya kujulikana kwa jina la mti wake. Mpini uliochongwa kwa haraka hutia malengelenge. Mpini uliotumika mno ukalainika kama kioo huteleza katika kiganja chenye jasho, na mlimaji hulazimika kuukaza kwa nguvu ambayo ingefaa kuingia ardhini. Mpini mwema umesimama katikati: umelainika kiasi cha kutoumiza, umebakiwa na ukavu kiasi cha kushikika. Hakuna mkulima atakayemwambia mwenzake kwamba mti wa mpini si kitu maadam chuma ni kikali.

Walakini mkulima huyohuyo akihitaji barua ya maombi, mkataba wa kiwanja au muhtasari wa kikao cha chama, huenda kwa mpiga chapa mwenye kompyuta katika kibanda ambacho watu hukiita steshenari. Atauliza bei ya ukurasa, atauliza kazi itakwisha lini. Hakuna atakayeuliza vidole vya mpiga chapa yule vinagusa nini siku nzima, na pengine mpiga chapa mwenyewe hajauliza. Kibodi yake ililetwa pamoja na mashine, au ilinunuliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko nyingine zote siku ile. Jembe lina mpini wenye historia. Kibodi ina mpini pia, lakini mpini wake haujapata mtu wa kuusemea.

Mpini huo ni kifuniko cha kitufe, yaani kile kigamba kidogo cha plastiki chenye herufi juu yake. Chini ya kifuniko kuna kitu kingine ambacho hakionekani. Katika kibodi nyingi za bei ndogo ni kikombe laini cha mpira, ambacho hubonyea kikabana nyaya mbili zigusane, kisha kikarudi. Katika kibodi za kimakanika kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Mojawapo ya swichi zinazojulikana sana, ile nyekundu ya kampuni ya Cherry, huhitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Hushuka milimita 4 kutoka juu mpaka chini, na herufi huandikwa inapofika milimita 2. Basi kazi imegawanywa. Springi ndiyo inayoamua nguvu itakayotumika na safari itakayosafiriwa. Kifuniko huamua mambo mengine: kama kidole kitatua au kitateleza, kama kitakuta ubaridi au uvuguvugu, kama kitasikia mlio mzito au mlio mwembamba, na kama jicho litaendelea kuiona herufi baada ya miaka mitano. Mtu anayesema kwamba kifuniko ni pambo tu amekosea. Naye anayesema kwamba kifuniko ndicho kila kitu amekosea vilevile.

Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Mashine ya kupigia chapa iliyobuniwa na Christopher Latham Sholes na wenzake huko Milwaukee, Marekani, iliingia sokoni mwaka 1874 kwa kuundwa na kampuni ya Remington. Mashine nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikuwa na vitufe vya mviringo vilivyofanyizwa kwa tabaka: chini kibati, juu yake karatasi yenye herufi, juu ya karatasi kipande cha kioo, na kuvizunguka vyote pete ya chuma ya kuvishika. Kioo kiliilinda herufi isifutike daima. Hiyo ilikuwa fadhila yake. Kasoro yake ilikuwa kwamba kidole kilikutana na kioo laini na chuma baridi, na kilihitaji kupiga kwa kishindo, maana nguvu ya kidole ndiyo iliyourusha mkono wa chuma mpaka kwenye utepe wa wino. Baadaye plastiki ilichukua mahali pa kioo, ikaleta vifuniko vyenye bonde dogo la kupokea ncha ya kidole. Taipureta haikuhitaji umeme, kwa hiyo katika ofisi za mbali na miji ilidumu miaka mingi baada ya kompyuta kujulikana kwingineko, na makarani walioizoea walipohamia kompyuta walihama na mikono yao mizito.

Pamoja na mikono hiyo, mpangilio wa herufi nao ulihama. Katika mashine ile ya mwaka 1874 herufi A ilikuwa mwanzo wa mstari wake upande wa kushoto, na imekaa hapo mpaka leo. Mtindo wa kupiga chapa kwa vidole vyote bila kutazama ulipata jina kubwa mwaka 1888 mjini Cincinnati, pale Frank McGurrin alipomshinda mpinzani wake kwa mtindo huo mbele ya watu. Ulipoenea, kila kidole kilipewa milki yake, na A ikaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwa mtu anayeandika Kiingereza hilo si shida kubwa. Herufi anayoihitaji kupita zote ni E, nayo ni ya kidole cha kati, kidole kirefu na chenye nguvu. Kwa mtu anayeandika Kiswahili mambo ni mengine kabisa.

Kiswahili ni lugha ya irabu, na katika irabu zake A ni sultani. Msomaji na achukue methali anayoijua tangu utoto: haba na haba hujaza kibaba. Ina herufi 22, na kati ya hizo A ni 9. Methali hiyo imezidisha, lakini mstari wowote wa ukurasa huu ukihesabiwa utaonyesha kwamba A haina mpinzani. Ukurasa wenye herufi 2,000 ukiwa na A moja tu katika kila herufi tano, mpiga chapa amekigonga kitufe kile mara 400. Kurasa kumi kwa siku ni mara 4,000. Siku 300 za kazi ni mara 1,200,000. Mzigo wote huo umebebwa na kidole kilicho dhaifu kupita vyote, juu ya kifuniko kimoja kisichozidi upana wa ukucha wa gumba kwa mengi. Mashine ilibuniwa kwa ajili ya lugha nyingine. Kiswahili kiliikuta imekwisha pangwa, kikaingia kama mpangaji aingiavyo nyumba iliyojengwa kwa familia ya mtu mwingine. Kiliweza kuingia bila kuvunja ukuta, kwa kuwa maandishi yake sanifu hayana alama za juu na chini za herufi, na hata ng' ya ng'ombe huridhika na kistari kilichokuwamo tayari. Lakini kitanda kikubwa kilikuwa katika chumba kingine, na mgeni mwenye watoto wengi alipewa chumba kidogo.

Kwa sababu hiyo, swali la kifuniko kimetengenezwa kwa kitu gani lina uzito zaidi katika nchi ya Kiswahili. Plastiki mbili ndizo zinazoshindana. Ya kwanza huitwa kwa kifupi ABS. Ni plastiki ileile ambayo magamba ya redio na vyombo vingi vya nyumbani hufanyizwa kwayo. Humiminwa katika kalibu kwa urahisi, hutoka ikiwa imenyooka, na hupokea rangi ya kila namna. Siku ya kwanza ni laini na ya kupendeza kuguswa. Lakini si ngumu sana: mafuta ya ngozi, jasho na msuguano huisugua vichembe vyake vya juu mpaka vikalala, na uso wake ukaanza kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Jua nalo huibadilisha, na ile iliyokuwa nyeupe huwa na umanjano wa meno ya mzee mvuta tumbaku. Ya pili huitwa PBT, jamaa ya poliesta, ukoo mmoja na nyuzi zinazofumiwa vitambaa. Hii ni ngumu zaidi, haiogopi mafuta, na uso wake una chembechembe za ukavu zinazokumbusha ganda la yai. Huyeyuka katika joto la nyuzi 223 hivi za Selsiasi, hali ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 105. Kidole kikitua juu ya PBT hutua. Hakitafuti mahali pa kushika.

Uthabiti huo una bei yake, wala bei hiyo si ya fedha peke yake. PBT ikipoa katika kalibu hunywea kuliko ABS, kwa hiyo kitufe kirefu, hasa kile cha nafasi kinachopigwa kwa gumba, huweza kutoka kimepinda. Kitufe kilichopinda husugua, hukwama, na humkera mtu kila baada ya neno. Ndiyo maana si ajabu kukuta kibodi yenye vifuniko vya PBT ambayo kitufe chake cha nafasi ni cha ABS: mafundi wamekubali udhaifu ili kupata unyoofu.

Namna ya kutia herufi nayo ni nusu ya jambo. Njia rahisi ni kuipaka kwa wino juu ya plastiki. Herufi hiyo ni kama unga uliopakwa usoni. Jasho la mchana linatosha kuanza kuiondoa. Njia nyingine ni kuipenyeza rangi ndani ya plastiki kwa joto kali. Hiyo yaifaa PBT kwa kuwa yastahimili joto, na rangi iliyopenya haifutiki mpaka plastiki yenyewe iishe. Ila kwa desturi rangi huwa nyeusi juu ya weupe, maana rangi nyeupe haiwezi kupenya katika weusi ikaonekana. Njia ya tatu ni kumimina plastiki mbili, moja ndani ya nyingine, herufi ikawa si mchoro bali ni kiungo cha kifuniko. Herufi hiyo haiwezi kufutika hata kifuniko kikibanduka tabaka kwa tabaka. Kibodi ya IBM iliyoitwa Model M, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1985, ilifuata njia ya pili kwa vifuniko vya PBT. Zipo za miaka ile ambazo bado zinafanya kazi, na herufi zake zinasomeka.

Mambo haya yote yakichukuliwa mpaka Nyabibuye hukutana na hali ya nchi. Majira ya kiangazi huleta vumbi, na vumbi likichanganyika na jasho la vidole ni msasa usioonekana. Mlango wa kibanda huachwa wazi ili mwanga uingie na wateja waone kwamba kazi ipo. Mwanga uingiao ndio huohuo unaoibadilisha plastiki rangi. Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu ni za baridi, na hapo hubainika kwa nini vifuniko vya chuma, ambavyo huuzwa kwa fahari katika nchi nyingine, si rafiki wa mtu wa kazi. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko plastiki. Haina ubaridi wa kwake. Huchukua joto la kidole upesi, na kidole hukiita kitendo hicho baridi. Plastiki huchukua joto polepole, kwa hiyo humpokea mtu bila kumshtua.

Mlio nao si mchezo. Kila apigaye ngoma anajua kwamba ngozi nene na ngozi nyembamba hazisemi sauti moja. Kifuniko chembamba cha ABS hutoa mlio wa juu na mkavu, kama kucha juu ya kopo. Kifuniko kinene, hasa cha PBT, hutoa mlio wa chini na mzito. Mpiga chapa akaaye katika chumba kimoja na mlio huo saa nane za kazi anajua ni upi unaomchosha. Zaidi ya hayo, mlio ni habari: humwambia mtu kwamba kidole kimefika, na mtu aliyekwisha kuambiwa hapigi kwa nguvu asiyoihitaji.

Na achukuliwe sasa mpiga chapa, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kazi, ambaye vidole vyake vimezoea kwenda bila macho. Anaingia mzee mwenye kutaka mkataba wa maandishi na fundi wake wa nyumba.

"Shikamoo mzee. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie hivi: fundi hatalipwa kabla paa halijaisha."

Mwanamke huyo anaandika. Herufi H ni ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho hutoka mahali pake kwenye J kikanyosha hatua moja kushoto. Vifuniko vimelainika; kidole chenye jasho kimetua ukingoni, kikateleza, na springi haikushuka ya kutosha. Karatasi inatoka ikisema: fundi atalipwa kabla paa halijaisha. Mzee anaomba asomewe. Mwandishi wa karatasi anaisoma kwa sauti kama alivyokusudia, si kama ilivyoandikwa, kwa kuwa jicho la mtu huliona wazo lake mwenyewe kabla ya kuliona kosa lake. Mzee anaridhika, anatia kidole gumba chenye wino. Programu ya kusahihisha tahajia haikushtuka, kwa sababu hatalipwa na atalipwa yote ni maneno halali. Na lau iliyopotea ingalikuwa W, fundi asingalikuwa mtu asiyelipwa bali mtu asiyelipa: hatalipa. Kiswahili kimepanga maana zake katika herufi moja moja, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Lugha nyingine zikipoteza herufi hupata neno bovu ambalo kila mtu huliona. Kiswahili aghalabu hupata neno zima lenye maana nyingine.

Si kila herufi iliyopotea imepotezwa na kifuniko. Nyingine zimepotezwa na haraka, nyingine na kikombe cha mpira kilichochoka, nyingine na makombo ya mkate yaliyoingia chini. Lakini mlimaji ambaye jembe limemponyoka hakubali kuambiwa kwamba mpini haukuhusika kwa kuwa udongo nao ulikuwa mgumu.

Wapo watu ambao kwao jambo hili ni kubwa kuliko kwa mpiga chapa mzoefu. Kijana anayejifunza bado hutafuta herufi kwa macho. Akiketi mbele ya kibodi ambayo A, I na N zimefutika, anafanana na mwanafunzi aliyepewa ramani ambayo majina ya miji mikubwa yamekwanguliwa yakabaki ya vijiji. Halafu wapo wenye uoni hafifu. Wilayani Kasulu, shule ya Kabanga ilijulikana nchini kwa kuwahifadhi watoto wenye ualbino baada ya mauaji yaliyoitia nchi aibu kuanzia mwaka 2007. Ualbino huambatana na uoni hafifu, kwa kuwa jicho lisilo na rangi ya kutosha haliukui kikamilifu uwezo wake wa kuona. Mtoto wa namna hiyo anaweza kusoma na kuandika kama mwenzake, bora herufi ziwe kubwa na zitofautiane vizuri na mahali zilipoandikwa. Kwake herufi iliyofifia nusu imekwisha kufutika yote. Mtu akinunua kibodi ya herufi za kupakwa kwa ajili ya darasa la watoto hao, amenunua kitabu ambacho wino wake utatoweka kabla ya mwisho wa mwaka.

Wasioona kabisa wanatoa fundisho lingine. Mashine ya Perkins ya kuandikia Breli, iliyoanza kutolewa mwaka 1951 huko Watertown, Marekani, ina vitufe tisa tu: sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma na kimoja cha mstari mpya. Hakuna herufi juu ya kitufe hata kimoja, wala hakuna anayeikosa. Umbo, mahali na mguso ndiyo maandishi yake. Kibodi ya kawaida nayo imehifadhi kitu kidogo cha hekima hiyo: vinundu viwili juu ya F na J, ambavyo kwavyo vidole vya shahada hutambua nyumbani kwao gizani. Vinundu hivyo vikisagika, mtu anayeona hapati hasara kubwa. Asiyeona amepoteza kizingiti cha mlango wake.

Mtu anaweza kupinga kwamba maneno haya ni anasa. Katika nchi tajiri wako wapenzi wa kibodi ambao hununua vifuniko kwa bei inayozidi bei ya kibodi nzima, wakavibadilisha kama watu wabadilishavyo mavazi ya sikukuu, na kubishana juu ya mlio wake kama wabishanavyo waimbaji juu ya sauti. Nyabibuye ina haja nyingine nyingi kabla ya hiyo. Upinzani huu una haki, ila umekosea mahali pa kuielekeza. Mpenzi wa kibodi hununua kifuniko kwa furaha yake, hubadilisha akichoka, na mguso mbaya kwake ni kero ya jioni moja. Mpiga chapa wa kibandani hana kibodi ya pili. Mguso mbaya kwake ni hali ya kazi yake kwa miaka. Anasa ni kitu kilekile katika mikono ya yule asiyekihitaji.

Aidha, si lazima kununua ghali. Yalazimu kununua kwa vidole. Jina la plastiki peke yake si dhamana, maana ABS nene iliyomiminwa herufi yake ni bora kuliko PBT nyembamba iliyopinda. Mnunuzi na apitishe kidole juu ya herufi: akihisi ukingo ulioinuka, huenda ni wino uliopakwa, na siku zake zina hesabu. Na akitikise kifuniko kuona kama kinayumba. Na apige kitufe cha nafasi kwenye ncha zake mbili, kushoto na kulia, asikie kama kinashuka sawasawa. Kikiweza kung'olewa, na atazame chini yake: unene utaonekana, na kama kuna plastiki ya pili inayounda herufi, nayo itaonekana. Kibodi iliyokwisha kununuliwa inaweza kurefushiwa maisha kwa kitu rahisi kuliko vyote, yaani mikono iliyonawiwa kabla ya kazi na kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kazi, kwa kuwa mafuta na vumbi visipokutana, msasa haupatikani.

Wanachuo na wanazuoni wana sababu ya kuliangalia jambo hili zaidi ya kuhurumia vidole vya wengine. Wao ndio wanaohesabu maneno ya lugha, na hapa pana kumbukumbu ya maneno ambayo haijasomwa. Kibodi ya ABS iliyotumiwa miaka mingi kwa Kiswahili ikiinuliwa na kuelekezwa dirishani, mwanga utaonyesha vitufe vinavyong'aa na vitufe visivyong'aa. A itang'aa kama kioo. I, N, U na K zitafuata. C itang'aa kiasi, na kila ilipopigwa H ilipigwa baada yake, kwa kuwa katika Kiswahili C haitembei peke yake. Pembeni kabisa, Q na X, ambazo alfabeti ya Kiswahili haikuzihitaji, zitakuwa na ukavu na chembechembe zilezile za siku zilipotoka katika kalibu. Kibodi iliyotumiwa kwa Kiingereza itang'aa kwingine, na mtu mwenye kujua lugha zote mbili ataweza kuzitambua bila kuwasha mashine.

Hapo itaonekana vilevile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimefanya kazi gani. Sugu ya mlimaji huonekana katika kiganja na watu huiheshimu. Sugu ya mpiga chapa haikuota katika mwili wake. Imeota katika plastiki, upande mmoja wa kifuniko cha A, pale ncha ya kidole ilipotua mara kwa mara ikitafuta mahali pa kushika.